Mji wa Dakika Tatu

Konstebo alikataa katakata kuishi chini ya bahari.

"Bunduki za miale zitaingia maji," alisema. "Na mhalifu akikimbia, tunamfukuza kwa kuogelea? Mimi hata kwenye beseni nazama."

Sajini akaifuta bahari kwa kifutio. Huo ulikuwa mji wa nne kufutwa tangu saa mbili asubuhi. Kabla yake ilikuwa imekufa miji ya mwezini, ya ndani ya mlima, na ya mgongoni mwa roboti mkubwa anayetembea. Yote ilikufa kwa mabishano, na mchezo wenyewe haujaanza.

Mchezo ulikuwa wa Koplo. Koplo, Sajini, Konstebo: ndivyo walivyoitana pale mezani, na hakuna aliyecheka. Koplo aliubuni peke yake, mchezo wa mezani wa polisi wa miaka mia tatu ijayo: kete mbili, kadi za uhalifu, askari wa vizibo vya soda, na kanuni alizoziandika kwa mkono nyuma ya fomu za zamani zilizokosa kazi. Kilichobaki ni mji wa kuuchezea. Koplo alikuwa na miaka sita kazini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba wazo. Safari hii alitaka mji utoke kichwani mwake.

Mlango ukagongwa. Akachungulia mama mwenye kitalu cha miche ng'ambo ya barabara, viatu vyake vya plastiki vimejaa tope.

"Wanangu, bado tu? Ile pampu yangu. Mlisema mnakuja."

"Tunakuja, mama," akajibu Sajini. Sajini alikuwa mwanamke mpole, asiyemkaripia mtu. "Pumzika hapo kwenye benchi."

"Nimepumzika tangu saa moja. Jua likifika utosini, sina mche hata mmoja."

"Dakika tatu, mama," akasema Koplo, na alimaanisha.

Mlango ulipofungwa, akatandaza mezani karatasi aliyokuwa ameificha chini ya kiti. Ulikuwa mji unaoelea juu ya mawingu, barabara zake za mwanga, na kila nyumba ina kengele. Alikuwa ameuchora wiki mbili, rula na penseli, mpaka vidole vikaingia weusi.

"Raia akibonyeza kengele," akaeleza, "askari wanatua mlangoni kwake ndani ya dakika tatu. Siku zote. Awe tajiri, awe kapuku."

Konstebo akakuna kidevu. "Wanakuja na nini?"

"Pikipiki za angani."

"Mafuta?"

"Zinatumia jua."

"Hapo umenipata. Mimi nahamia."

Sajini hakuhama. Aliuzungusha mchoro, akautazama kwa pembeni, akaurudisha.

"Sasa hiyo ni hadithi gani ya polisi? Wakifika upesi hivyo, mwizi hajamaliza hata kuiba. Mchezo utaisha kabla chai haijapoa. Lazima wachelewe, Koplo. Utamu wote uko kwenye kuchelewa."

"Kwenye mji wangu hawachelewi."

"Basi mji wako hauaminiki."

Koplo akahisi masikio yanamuwaka. "Mji wa mgongoni mwa roboti uliuamini. Askari anayefika ndiye aliyekushinda?"

Simu ya mezani ikalia. Konstebo akaipokea, akasikiliza huku akichanganya kadi. "Tunalifanyia kazi," akasema, akaikata.

Mlango ukafunguka tena. Mama wa miche hakuingia, alisimama kizingitini na mikono kiunoni.

"Naona mna shughuli nzito. Basi niende mwenyewe?"

"Tangulia tu, mama," akasema Sajini. "Tutakukuta huko huko."

Koplo alimwona kupitia dirisha akivuka barabara, anakwenda mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Akainuka nusu.

"Labda tulimalize la mama kwanza, ndipo turudi."

"Ukiinuka," akasema Konstebo, "tunarudi chini ya bahari."

Koplo akakaa.

Walibishana saa nzima. Konstebo alitaka pikipiki ziwe na redio. Sajini alitaka angalau lifti moja mbovu ili mji ufanane na mji. Mwishoni wakakutana katikati: askari watafika ndani ya dakika tatu, ila kete ikitoka moja, watapotea njia. Sajini mwenyewe ndiye aliyeandika jina la mji juu ya ramani, kwa wino mwekundu, kisha akamshika Koplo mkono.

"Umefanya kazi," akamwambia.

Koplo hakujua aangalie wapi. Maneno hayo hakuwahi kuambiwa na mkubwa yeyote. Akakohoa, akapanga vizibo vyake kwenye barabara za mwanga, akatoa kadi ya kwanza ya uhalifu na kuisoma kwa sauti ya kishindo. Raia wa mtaa wa saba amebonyeza kengele. Konstebo akazitikisa kete kiganjani, akazipulizia.

Mlango ukafunguka bila hodi. Mama wa miche akaingia akihema, pampu begani, na mbele yake anamsukuma kijana mmoja mwenye shati lililochanika, amemkaba ukosi.

"Afande," akasema, "mwizi wangu huyu hapa. Nipeni ufunguo wa selo nimfungie mwenyewe, msije mkapoteza zamu."

Sajini akavuta droo, akampa. "Selo ya kwanza tumehifadhia ramani, mama. Mfungie ya pili."