Mwezi Bila Pole

Nchi ile haikumpokea muuguzi wa kigeni mpaka amalize mwezi mzima bila kumwambia mtu yeyote pole. Kwao, kusema pole kulikuwa kukiri kosa, na aliyekiri alishtakiwa. Kwa hiyo Mwajabu, muuguzi wa Korogwe aliyeomba kazi huko, alibandikwa kidude cha kusikiliza nyuma ya sikio, akarudi nyumbani kuishi nacho.

Alikuwa ameshafeli mara moja, kwa sababu ya jirani aliyepita na ndoo ya maji kichwani.

"Zamani hata kuku akichechemea ulimpa pole," mama yake, Bi Sikudhani, alimtania. "Leo mimi na magoti yangu nimeshindwa hata na kuku."

Mwajabu alicheka, akaendelea kumkanda magoti kwa maji ya moto.

Siku ya mwisho binti yake, Tunu, alijikwaa kizingitini akapasuka kidevu. Mwajabu alimbeba, akamsafisha, akambandika plasta kwa mikono isiyotetemeka. Mtoto alimkodolea macho akisubiri neno. Halikuja. Akanyamaza mwenyewe.

Jioni kidude kilibanduka chenyewe, ishara kwamba amefaulu. Mwajabu alikimbilia jikoni kumpa mama yake habari, na kwa furaha akaepua sufuria ya uji kwa mikono mitupu. Akapiga yowe.

"Pole, mwanangu. Pole sana," alisema Bi Sikudhani, akijikongoja kuinuka.

Tunu, aliyekaa kwenye mkeka na bakuli lake, aliitazama mikono ya mama yake ikivimba. Alifumba mdomo kwa uangalifu, kama alivyofundishwa, kisha akachota kijiko kingine.