Nyanyua Mguu

Maaskari walimsukuma Sualehe mpaka mlango wa msikiti wa kijiji cha Quiterajo, aombe radhi mbele ya watu. Kizingitini akagoma.

Humu ndimo alimoanzia. Aliingia na viatu miguuni, akamwambia mwalimu aliyemfundisha Kurani kuwa dini yake si dini, na vijana wakamfuata porini. Waliporudi, walirudi na moto na mapanga.

"Ingia!" askari akafoka.

"Na viatu?" Sualehe aliuliza kwa sauti ndogo. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma.

Watu wakaguna. Yule mwalimu akatoka safuni, akachuchumaa, akaanza kumfungua kamba za buti.

"Mwalimu, acha. Nakuomba."

"Nyanyua mguu, mwanangu."

Buti lilipotoka, mzee alikuta kisiginoni mshono wa uzi wa nyavu. Alikuwa ameushona mwenyewe, buti likiwa bado la mwanawe wa kumzaa, kabla vijana wa Sualehe hawajamchinja. Akaupapasa kwa kidole gumba, mwanzo hadi mwisho.

Sualehe hakupata pa kuyaweka macho.

Mwalimu akalipanga buti pamoja na viatu vya waumini.

"Na huo mwingine," alisema. "Niegemee, usije ukaanguka."