Kinda Asiye na Magurudumu

Ndoana ilikosa tena, na Delbert Haugen akajitukana kwa majina yake yote mawili.

Kindege chake hakikuwa na magurudumu. Kilitoka tumboni mwa ndege kubwa ya mabomu na humo humo kilitakiwa kurudi: ndoana ya puani inase fimbo ya chuma iliyoning'inia chini ya ndege hiyo mama, kisha fundi akivute juu. Katika marubani wote wa kituo cha jeshi kwenye jangwa la Kalifonia, Haugen alichaguliwa kwa sifa moja: ndiye pekee aliyeenea ndani ya kindege hicho. Ufupi uliomletea kichapo shuleni ukampandisha cheo jeshini.

Hakuwahi kunasa hata siku moja. Kila mara aliishia kuburuza tumbo la kindege kwenye ziwa kavu la jangwani, akatoka na vumbi mpaka kwenye magego. Leo wakubwa wa Washington walikuwa chini na darubini zao. Akikosa, mradi unafungwa, naye anarudi kunyunyizia dawa pamba ya shemeji yake.

"Haugen, ndugu yangu," Kapteni Stuckey aliita redioni kutoka ndege kubwa, "unatafuta mlango au unatafuta mchumba?"

"Mwambie huyo bibi yako aache kukata kiuno, basi."

Akajaribu tena. Safari hii alilikwangua tumbo la mama vibaya, antena ya kindege ikang'oka, redio ikanyamaza. Mara kioo kikarukiwa na majimaji ya kahawia. Haugen akacheka. Juma lililopita pia mabwana wa ndege kubwa walimmwagia kahawa, eti aamke. Ila ya leo ilikuwa nzito, inanuka mafuta ya mashine, upepo ulishindwa kuifuta. Jeshi hili, akawaza, hata kahawa halijui kupika.

Kisha bahati ikamgeukia. Ndege kubwa ikatulia, ikanyooka kama reli. Mkono wa Stuckey haukuwahi kuwa mtulivu vile. Haugen akabana pumzi, akasogea taratibu, na ndoana ikanasa kama kitasa cha mlango wa nyumbani.

Akangoja avutwe. Akangoja tena. Bila shaka wanapongezana kwanza, akajiambia. Na wapongezane, si kidogo alichowatendea.

Akachungulia chini kuona kama wakubwa wanapiga makofi. Kati yake na ziwa kavu, Kapteni Stuckey, fundi wa kuvuta na wenzao wote walikuwa wakielea kwa parachuti, wakimpungia mikono yote miwili.