Mjumbe wa Tano

Mama Vifungo alimshika mzee kiwiko, akampandisha ngazi za jengo la halmashauri polepole, kama watu wanaohamisha kabati lililojaa vyombo. Kila ngazi mzee alisimama, akapumua, akatabasamu. Na kila ngazi Mama Vifungo, fundi wa cherehani, alimwomba Mungu kimoyomoyo: asianguke hapa, jamani, aanguke kesho.

"Asante kwa kunifuata, mwanangu," mzee alisema. "Peke yangu nisingefika."

"Si kitu, Babu. Bodi ni yetu sote."

Hapo alidanganya. Bodi ile ya ushauri ya wananchi alikuwa ameichoka kufa. Mtaa wake ulimchagua akalishauri jiji kuhusu mitaro na taa za barabarani, naye akafurahi, akajishonea mpaka gauni la kuapia. Hakuna aliyemwambia kwamba kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo shughuli.

Kanuni zilisema mtoto au mjukuu wa mjumbe haajiriwi na jiji. Na binti yake, muuguzi aliyemaliza masomo akabaki nyumbani kumsaidia mama kushona vifungo, sasa alikuwa amepata kazi katika zahanati ya jiji. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, mama yake akiwa ameshatoka kwenye bodi. La sivyo, nafasi apewe mwingine.

"Mama, utatoka kweli?" binti alikuwa ameuliza asubuhi ile, sare nyeupe imeshapigwa pasi.

"Nitatoka. Si nimekwambia nitatoka?"

Lakini kanuni hizohizo zilisema mjumbe hajiuzulu kwa barua, wala kwa kukacha vikao. Anasimama mbele ya kikao chenye akidi, anatamka, na papo hapo si mjumbe tena. Akidi ilikuwa watu watano. Kati ya wale saba wa mwanzo, mmoja alikuwa amefariki na mwingine amehamia ng'ambo, na nafasi zao hazikuweza kujazwa mpaka kikao chenye akidi kitangaze kwamba ziko wazi. Waliobaki walikuwa watano kamili, nao hawakuwahi kuketi pamoja tangu mvua za mwaka uliopita. Leo kinyozi ana harusi, kesho mwenye duka la dawa ana mgeni. Huyu mzee, mpiga picha mstaafu, yeye ni magoti.

Wiki nzima Mama Vifungo alishinda milangoni mwa watu. Kinyozi alimpunguzia suruali bure. Mwenye duka la dawa alimbembeleza mpaka mwenyewe akaona haya. Kwa mzee alikwenda amejiandaa kulia ikibidi, lakini mzee alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Aliuliza jambo moja tu: "Una hakika tutatimia?"

Kwamba yeye akitoka watabaki wanne, na hao wanne hawatakuwa na mlango wa kutokea maisha yao yote, alikuwa amelifikiria. Lilimuuma. Lakini wenzake hakuona kinachowabana, na soda za kikao walizipenda. Watajijua, alijiambia, akajichukia kidogo kwa kusema hivyo.

Chumba cha mikutano kilikuwa kidogo, madirisha yamepakwa rangi mpaka hayafunguki, feni imesimama. Kinyozi alikuwa ameshafungua soda ya pili. Mwenye duka la dawa alikuwa akijipepea kwa ajenda. Mwenyekiti aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia, hakuamini macho yake.

"Watano! Akidi imetimia, jamani, leo nitalala usingizi. Mama Vifungo ndiye aliyetukusanya, kwa hiyo aanze yeye. Mama, karibu."

Mama Vifungo akasimama. Maneno yalikuwa tayari ulimini, na kichwani alimwona binti yake amevaa ile sare, anatoka nyumbani bila kuangalia nyuma. Akafungua kinywa.

"Samahani, mwanangu." Mzee alikuwa ameinua mkono nusu. "Nami nilikuwa na neno dogo tu. Mgongo huu, nikikaa sana haunyooki."

Kinyozi alichekea kwenye soda yake. Neno la mzee kila mtu alilijua: ni ile taa iliyokufa nje ya nyumba yake, aliyoililia tangu bodi inazaliwa.

"Babu, subiri kidogo," mwenyekiti alisema. "Mama ameshasimama."

Mama Vifungo alimtazama mzee. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, jasho linamtiririka kwa zile ngazi. Amemtoa mtu wa watu nyumbani kwake, amemburuta mpaka huku kwa uongo, halafu amnyime hata dakika ya taa yake? Isitoshe, hakulelewa kusema kabla ya mtu wa umri ule. Kosa hilo lingemsuta mpaka kaburini. Dakika moja ni nini kwa mtu aliyengoja mwaka mzima?

"Babu aanze, mwenyekiti," alisema. "Yangu hayaozi."

Akaketi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akajisikia mtu mwema.

Mzee alinyanyuka kwa kushika ukingo wa meza. Alipokuwa wima, aliweka kiganja begani kwa Mama Vifungo, akakiacha hapo.

"Mungu akubariki, mwanangu, maana bila wewe nisingeipata nafasi hii," alisema. "Ndugu zangu, sitawachosha. Mjukuu wangu ameitwa kazini hapa jijini, na kanuni mnazijua. Mbele ya kikao hiki, mimi ninajiuzulu."