Nyuma ya Nguruwe

Nguruwe pori alisimama ukingoni mwa shamba mchana kweupe, akitafuna mahindi ya Mkumbukwa kana kwamba aliyapanda yeye. Nusu ya shamba ilikwisha kulala chini.

"Piga, Bi Sikudhani! Piga!" Mkumbukwa alipaza sauti.

Sikudhani, mlinzi aliyeajiriwa wiki ile, alikwisha kuinua bunduki ya marisau. Kitako kilitulia begani, lakini kidole chake kilinyooka kando, mbali na kifyatulio.

"Nyuma yake sipaoni, bosi."

"Kuna kichaka tu! Unangoja nini?"

Nguruwe akageuka, akatokomea. Mkumbukwa akailaani siku aliyomwajiri. Sikudhani akaelekeza mitutu ardhini, akaifungua bunduki, akachomoa risasi zote mbili na kuzitia mfukoni. Ndipo akaelekea kichakani, bunduki ikiwa wazi mkononi. Mkumbukwa akamfuata akifoka.

Walipofika, akasimama ghafla. Nepi sita zilikuwa zimeanikwa upande wa pili wa kichaka, na kando yake mwanamke alikuwa akimbembeleza mtoto.

Mkumbukwa akavua kofia, akabaki ameishika. Nepi zilikuwa bado zinachuruzika maji.