Nyumba Namba Nne

Kwa miaka thelathini na miwili mashine ya babu ilipiga kura ya Iddi, na mara zote hizo haikumtaja Raiya hata kwa bahati mbaya.

Babu alikuwa amechoshwa na wanawe waliogombania heshima ya kupikia ukoo mzima pilau ya Iddi mosi. Akaitoa kompyuta aliyorudi nayo kutoka Maskati, akaiandikia programu kwa BASIC, lugha ya mashine za enzi hizo. Nyumba zilikuwa nne: ya Hamad, ya Mohammed, ya Mwanamina, na ya Raiya, mkazamwana wake. Ikitajwa yako, unapika, na unatamba hadi mwaka ujao.

"Jamani, nyota yangu mimi imelala wapi?" Raiya alilalamika kila Iddi, mkono shavuni. Kisha alinyoosha sahani aongezewe.

"Subira, wifi yangu," Mwanamina alimliwaza. "Subira huvuta heri."

Aliyeumia zaidi ni Sumeiya, binti wa Raiya. Mama huyu alifiwa na mume mapema, akamlea kwa cherehani, alfajiri hadi isha. Hata chakula chao kililetwa na Kadzo, jirani yao pale mtaani Muyeye aliyepika kwa kuuza. Mama kama huyo hakustahili siku moja tu ya kutamba?

Mwaka huu mashine ilikataa kuwaka. Babu alikwisha tangulia mbele ya haki, lakini daftari lake lilikuwapo, programu yote imeandikwa kwa mkono. Sumeiya, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, akajitolea kuihamishia huko.

"Mwanangu, si uiache ipumzike?" Raiya alisema. "Kila chenye mwanzo kina mwisho."

"Mama, hata walioko Maskati wataiona kura kwenye simu zao!"

Raiya aligonga daftari kwa kidole. "Basi iandike vile vile alivyoiandika babu yako. Usiongeze, usipunguze."

Sumeiya aliihamisha mstari kwa mstari. Mistari iliyoanza na REM aliiruka bila kuisoma, maana hata mashine huiruka: ni mahali pa mwandishi kujiwekea maneno yake. Alipofika mstari wa 70 akasimama. Babu aliiamuru mashine ichague namba kuanzia moja hadi tatu.

Tatu! Na nyumba ni nne!

Sumeiya alicheka, kisha akataka kulia. Kumbe si nyota wala nini. Mzee wa watu alisahau tu kumhesabu mkazamwana wake, na kosa la kitambo kile likamnyima mama heshima yake. Alianza kurekebisha, moja hadi nne, halafu shetani akampitia. Mwaka huu iwe nne tu. Kura ya haki ingeanza mwakani, na Mungu ni mwingi wa kusamehe.

Alasiri ya kura walijaa sebuleni kwa ami Hamad, wengine wakitazama kutoka Mombasa, Lamu na Maskati. Sumeiya alibonyeza. Jina likatokea kwa herufi kubwa: RAIYA.

Vigelegele vilipasua dari.  Raiya akaketi mkekani pwaa, akalia hadi leso ikalowa.

"Machozi ya furaha hayo," ami Hamad akasema, na Sumeiya naye akalia.

"Watu wangapi?" Raiya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Arobaini na sita!" ami Hamad akajibu. "Wa Maskati wameshakata tiketi."

Waliporudi nyumbani Raiya hakuvua hata buibui. Alipitiliza moja kwa moja kwa Kadzo. Sumeiya alijiambia mama ameenda kutangaza habari njema. Moyo ulimjaa furaha. Akachukua daftari ili ainakili ile mistari ya REM aliyoiruka, aiweke chini ya tovuti iwe kumbukumbu ya babu.

Wa kwanza ulikuwa bismillahi. Wa pili, dua. Wa tatu ulibanwa katikati ya mistari mingine, kwa wino tofauti, juu kidogo ya ule wa 70:

65 REM RAIYA KANIAPISHA. PILAU HAJUI KUPIKA. NAMBA 4 ISITOKE MAISHA.