Achari ya Mwanakheri

Tangu kila nyumba ipewe jiko linalonusa pumzi za watu alfajiri na kuamua chakula cha siku, Makame hajapiga chafya hata moja. Pua iliyokuwa ikichuruzika kila asubuhi sasa ni kavu kama sufuria iliyoanikwa juani.

Mwanakheri, mkewe, alipaswa kufurahi. Badala yake roho ilikuwa inamuuma.

"Jiko hili linanijua," Makame alisema huku akilamba vidole. "Kumbe ni maziwa na siki vilivyokuwa vinaniwasha pua! Wewe, mke wangu, miaka yote ulikuwa unaniua taratibu."

Ulikuwa utani tu, lakini jiko likacheka pamoja naye, kicheko laini cha kike.

Zamani chafya zikimzidi, ni Mwanakheri aliyemsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu mpaka akatulia kama mtoto. Sasa nani anamhitaji?

Basi mchana ule alitoa uvunguni kopo la achari ya ndimu, iliyolowa siki, akachota kijiko kizima na kukikoroga kwenye mchuzi wa mumewe.

Makame alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Mwanakheri akarukia chupa ya mafuta, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Pole, bwana," jiko likasema kwa upole. "Kuna mkono umetia kitu." Kisha mlango wa jikoni ukajifunga wenyewe, kufuli likalia, nao wakabaki nje.

Makame alisukuma kando mkono wa mkewe, akausogelea ule mlango.

"Mpenzi," alilinong'oneza jiko, "kesho tunakula nini?"